Mtu Aliyetoka Bafuni Kwangu

Walisema mtoto wa mchuuzi wa madafu hafiki Uganda. Nikafika, nikakaa miaka mitatu, nikarudi na diploma ya kilimo. Wakasema serikali ya Waingereza haitanipa baiskeli. Ikanipa. Wakasema nyumba ya bati sitaimaliza. Niliiezeka kwa mikono yangu miwili. Basi mtu wa namna hiyo haoti mchana. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa alasiri, jua kali. Niamini.

Nyumba niliijenga bondeni Kigogo, kando ya mto Msimbazi. Wenyeji wote walikaa juu. Bondeni walilima mpunga tu, na msimu wa kuwinga ndege wasiule walilala kwenye madungu, vile vibanda vinavyosimamishwa juu ya nguzo ndefu. Hakuna aliyelala ardhini. Mie nilicheka. Udongo ule niliushika mkononi: mweusi, laini, umeletwa na mto tangu enzi na enzi. Ukichimba pima mbili, maji. Mto wenyewe miezi mingi ni mchanga mtupu, watoto wanauchezea. Nilichosahau, na diploma yangu yote, ni kwamba Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, na ni mto mfupi. Mvua ikinyesha huko, maji yote hushuka kwa mkupuo mmoja, hata kama kwenu mmeanika nguo.

Sababu nyingine ya kujenga chini sikumwambia mtu. Juu alikaa binamu yangu Selemani, mkwezi wa minazi. Nilipokuwa Uganda alimposa Zuhura, ambaye sasa ni mke wangu. Alikataliwa, lakini kila tukikutana alimwita "shemejiii" kwa sauti ya kuvuta, na Zuhura alicheka. Selemani hakujua kuandika hata jina lake, na watu walimpenda. Unaijua hali hiyo? Kila kicheko cha mke wangu nilikipima.

Siku hiyo nilirudi kazini mapema. Nilikuwa naegemeza baiskeli ukutani, mlango wa bafu letu la makuti ukafunguka, akatoka mwanamume. Kifua wazi, msuli kiunoni, amelowa chapachapa. Mwezi mzima tulikuwa hatujaona hata tone la mvua. Mtu aliyelowa vile ametoka kuoga, na ameoga kwangu. Wewe ungefikiri nini? Mgongo ulikuwa mpana, kama wa Selemani. Hakugeuka. Akatoka uani, akashika njia ya kupanda juu.

"Zuhura! Nani huyo?"

Akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Yupi, mume wangu? Mie simwoni mtu."

Simwoni mtu! Nilichukua panga nikamfuata. Zuhura akanikimbilia nyuma, analia, "Usiue mtu, jamani, usiue mtu!" Mie nilikimbia, yule alitembea tu, na sikumfikia. Vumbini aliacha matone makubwa makubwa. Alipofika uani kwa Selemani alipita nyuma ya mnazi, na upande wa pili hakutokea.

Majirani walitoka. Hapo, mbele yao wote, nilimwita mke wangu neno ambalo sitaliandika. "Mtoe huyo hawara wako!" nikasema.

"Bwana Shamba, unamtafuta nani?" Sauti ilitoka juu. Selemani alikuwa kileleni mwa mnazi, mkavu kabisa. "Mie niko huku tangu adhuhuri. Waulize hao waokota nazi. Na hilo panga niazime, langu butu."

Watu wakaangua kicheko. Ghafla yeye akageukia upande wa Pugu.

"Jamani, bondeni kuna nani? Waiteni! Maji!"

Kwanza tulisikia ngurumo, kama malori mengi yanapanda mlima pamoja. Kisha yakaja, mekundu, yamebeba magogo, kuku, dungu zima limesimama wima. Bati langu lilizunguka mara mbili kama sinia, likaenda. Jiko alilotoka Zuhura sikuliona tena hata alama.

Jioni ile jirani mmoja mzee aliniuliza yule mtu alivaaje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Kuna mtu alijenga pale pale kabla hujazaliwa. Mto ulishuka yumo bafuni, anaoga."

Zuhura alirudi kwa mama yake, na hakutaka kuniona. Mie, mwenye diploma, nililala kwa Selemani, juu ya jamvi la Selemani. Sufuria ya kuazima, shuka ya kuazima, hata kandambili.

Nakuonya, wewe unayesoma. Ukiona ardhi tambarare, nyeusi, imeachwa wazi, na wenyeji wamebanana juu kilimani, usijione mwerevu. Uliza. Na wivu ukikupanda, fumba mdomo kwanza.

Nilijenga tena, safari hii juu. Siku nyumba ilipokwisha nilizunguka mlango kwa mlango nikimrudishia kila mtu kitu chake, mwisho nikafika kwa Selemani na jamvi. Zuhura alinisubiri pale. Alikuwa amewaita majirani wale wale. Nikasimama uani nikalifuta lile neno kwa sauti, mara mbili, kwa kuwa bibi mmoja alisema hakusikia. Ndipo mke wangu akafuatana nami nyumbani.

Magharibi, baada ya sala, aliinua mikono akamwombea rehema yule mwanamume wa bafuni, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuombewa mie.

"Itikia," akaniambia.

Nikasema amina. Niamini, hata dua ile niliipima.