Mayai ya Nesta

Ukimpelekea fundi Deus kompyuta pale mpakani Tunduma, swali lake la kwanza ni imetoka nchi gani. Vijana wa stendi humtania kwamba amegeuka afisa uhamiaji. Hucheka nao kidogo, kisha huendelea na kazi yake.

Mkewe, Nesta, alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, wakiwa hawajajaliwa mtoto. Kitu pekee alichoacha kinachopumua ni kuku wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, aliowafuga kwa mama yake huko Msangano. Aliwachagua mwenyewe kizazi baada ya kizazi, tangu angali msichana. Mama huyo, Teresia, mjane asiye na mtoto mwingine, alizungumza nao kila asubuhi na kuwapa habari zote za kijiji. Deus alimkuta hivyo mara nyingi, na moyo ulimuuma kila mara.

Kisha kideri kikaingia kijijini, na kideri hakibishi hodi. Kiliwafagia kuku wote, wa mama Teresia na wa majirani. Yalibaki mayai yaliyotagwa kabla ya ugonjwa, yamewekwa kwenye ungo, wala hapakuwa na tetea hata mmoja wa kuyaatamia.

Deus alipopigiwa simu alifunga safari siku hiyo hiyo. Alitengeneza sanduku la mbao, akatia taa za kutoa joto na kipimajoto, akaviunganisha na kompyuta yake ndogo. Joto likishuka chini ya nyuzi 37.5, programu aliyoiandika inawasha taa, likitosha, inazima. Kwa wiki mbili alikaa huko akigeuza mayai kwa mkono. Walipoyamulika kwa tochi waliona mishipa myekundu, na ndani kitu kinajinyonganyonga. Mama Teresia alicheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Lakini wateja wa Tunduma walikuwa wanapiga simu, na kompyuta ile ndiyo ilimpa ugali. Akanunua nyingine iliyotumika kwa Mkongo mmoja mfanyabiashara, akaipeleka Msangano, akahamishia programu. Kioo kikaonyesha 37,5. Aliuona ule mkato uliokaa mahali pa nukta, akaona ni urembo wa kompyuta ya wenyewe. Alimwagiza mama asifungue sanduku ovyo, ageuze mayai upesi na kufunika, na akiiona namba ile ajue kila kitu ni shwari. Akachukua kompyuta yake, akapanda gari kurudi Tunduma.

Kipimajoto hutuma joto likiwa maandishi, na programu huyageuza kuwa namba. Deus hakuiambia ifuate kanuni gani za kuandika namba. Aliiacha ifuate za kompyuta itakamowekwa. Kompyuta ya Mkongo ilipangwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hutenganisha desimali kwa mkato. Ikipokea 37.5 yenye nukta, inasema hii si namba. Na yeye, kwa kujiamini kwake, alikuwa ameiagiza kwamba kipimo kisichosomeka kihesabiwe kuwa 37.5, maana waya wa kipimajoto ulikuwa ukilegea. Basi hakuna kilichosomeka, programu ikajiambia kwamba joto linatosha, na taa hazikuwaka tena.

Mama Teresia aliyaona mayai ni ya baridi mkononi. Alitazama kioo, akaona namba ni ileile aliyoambiwa, akajituliza. Aliyesema ni Deus, mume wa mwanawe, na hakuwa na sababu ya kumtilia shaka.

Deus aliporudi aliyakuta ya baridi, akapasua yai moja, halafu la pili. Vifaranga walikuwa wamekamilika karibu wote, shingo tupu, macho yamefumba. Alikaa chini akalia mbele ya mkwewe bila kuona haya. Angeweza kusingizia umeme, na nani angembishia? Akamweleza ukweli wote, ya nukta na ya mkato. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema umeme ulikatika, baba, ningelala," alisema. "Alama ndogo namna hiyo, nitalala nayo vipi?"

Majuto ni mjukuu. Deus aliiandika upya programu: nukta iwe nukta katika kompyuta yoyote, na kipimo kisichosomeka kipige king'ora badala ya kufichwa. Sasa wanawake wa Msangano humletea mayai, vifaranga wanatoka, wanamsifu, na sifa hizo humchoma.

Alimtafutia mama Teresia kuku wengine wa kishingo kutoka kata ya Ruanda. Mama aliwapokea kwa mikono miwili. Anawapa pumba na maji safi, na jioni anawafungia vizuri, lakini hazungumzi nao. Mgeni akiwasifia, humjibu kwa upole, bila kinyongo:

"Hawa ni kuku wa Deus. Wa mwanangu waliisha."