Mota Isiyokata Mbao

Fundi umeme wa Ngulyati haanzi kwa kufungua vifuniko. Huweka kwanza mgongo wa mkono juu ya mota, kimya, kama mama anayempima mtoto homa. Maige, seremala, alimtazama roho mkononi. Alikuwa ameuza maksai wawili kununua mashine hii ya randa, inayotaka njia tatu za umeme, fezi tatu, na nguzo ya kijijini ina fezi moja tu. Siku nne sasa randa inanguruma bila kuzunguka, na siku nne Minza, mkewe, hajamsemesha.

Fundi aliunganisha mota chakavu aliyokuja nayo pembeni ya randa, akaizungushia kamba kwenye puli, akaivuta kwa nguvu, kisha akawasha swichi. Mota ikashika mwendo.

“Hii haikati mbao, baba,” fundi akamwambia Maige. “ Inatengeneza fezi zilizopungua. Ni maksai mzee, amefungwa nira pamoja na mgeni asiyejua kulima.”

Akawasha randa, akapitisha ubao. Maranda yakaruka mpaka mlangoni, miguuni kwa Minza aliyekuwa akichungulia.

“Wabeja sana!” Minza akashukuru, akicheka.

Fundi akaurudisha mgongo wa mkono juu ya ile mota chakavu. Maige akaona mkono wa pili wa fundi bado uko kwenye swichi, tayari kuzima.

“Kumbe hukuwa na uhakika?”

“Nilikuwa nao,” fundi akajibu, akijifuta jasho. “Mota ndiyo haikuwa nao.”