Sekunde Tano za Wifi

Mke wa kaka yangu simpendi, naye hanipendi, na nyumba nzima inajua. Alipoolewa alipewa chumba changu, maana wakati huo nilikuwa kwa mume. Ndoa ikanishinda, nikarudi, nikakuta viatu vya mazoezi vyenye ukubwa wa mashua vimeanikwa kwenye dirisha langu. Nikapangiwa kulala chumba cha mbele na Mama. Tangu siku hiyo kila mtu na lake. Wifi akipika, chumvi inazidi, nikisema, ananuna. Nikipika mimi, anakula amesimama kama mtu anayeogopa kuachwa na basi.

Lakini uwanjani, jamani, hayo ni mengine. Wifi ni nahodha wa timu ya mtaa wetu ya wanawake, mpira wa kikapu, na hakuna anayemshangilia kunishinda. Kazi yangu ni kupiga pasi kwa dobi. Kutwa mashuka, mvuke usoni, mashine zinanguruma, na usipopaza sauti hakuna atakayekusikia hata ukiungua. Miaka kumi na moja ya kupaza sauti ndiyo iliyofanya jukwaani waniite Honi. Watu mia tano wapige kelele, wifi atanisikia mimi. Nyumbani ni mke wa kaka yangu, uwanjani ni mchezaji wangu. Asiyeelewa asielewe.

Sasa nieleze kuhusu kuhesabu. Saa ya ukutani pale uwanjani iliungua zamani na hakuna aliyehangaika nayo. Mtunza saa hukaa mezani na saa yake ndogo, muda ukiisha anagonga kengele. Kwa hiyo sekunde za mwisho tunazihesabu sisi jukwaani. Tukabuni ujanja: wageni wakiwa na mpira, tunahesabu mbiombio. Kumi, tisa, nane, mwenye mpira hajapumua tumeshafika tatu, anababaika, anatupa ovyo. Mpira ukiwa wetu, tunahesabu kwa haki, sekunde kwa sekunde. Mwanzilishi ni mimi. Mechi ngapi tumeshinda kwa mdomo wangu! Nilikuwa najisifu hata kazini.

Jumamosi ilikuwa fainali. Kombe lenyewe hatujawahi hata kuligusa. Dakika zote zikaisha sare, tukaongezewa tano. Koo langu lilikuwa limeshakuwa kipande cha msasa. Mwishoni kabisa tunaongoza sitini na moja kwa sitini, mpira ni wao, wamekuja wote chini ya kikapu chetu. Nikasimama juu ya benchi. Kumi! Jukwaa likaitikia. Tisa! Nane! Saba! Wifi akapenyeza mkono katikati ya watu, akaupokonya mpira. Haki ya Mungu, niliruka nikamkanyaga mtu, sijui nani, na hajanidai radhi mpaka leo. Wifi akaukumbatia mpira kifuani. Tatu! Mbili! Moja! Uwanja ukapasuka kwa vifijo. Naye akaurusha mpira juu, mikono yote miwili hewani, analia kwa furaha.

Kengele haijagongwa. Zimebaki sekunde tano.

Mpira ukashuka mikononi mwa dada mmoja mrefu wa wale wageni. Hakushangilia, hakushangaa, aliuweka tu kikapuni. Sitini na mbili kwa sitini na moja. Ndipo kengele ikalia.

Utaniuliza kama nilibadilisha hesabu mpira ulipokuwa wetu. Usiniulize. Nilikuwa na kazi ya kutukana. Nilimtukana wifi kuanzia jukwaani hadi getini, na kutoka getini hadi nyumbani. Mtu mzima, nahodha, hajui mchezo umeisha au haujaisha! Muuza magazeti nilimsimulia, mwenye duka la simu nilimsimulia, jirani aliyekuwa anafua nilimsimulia mara mbili. Kadiri nilivyosimulia ndivyo hesabu yangu ilivyopungua ndani ya habari, hadi mwisho haikuwemo kabisa.

Jumapili asubuhi nikaamka na hasira zangu mpya. Wifi anaosha vyombo, hajala tangu jana. Mimi nakata vitunguu.

"Kuna watu," nikamwambia Mama, "ukiwapa ushindi mkononi wanaurudisha mbinguni."

"Basi, dada," kaka akasema.

"Basi nini? Mwambie mkeo basi. Kikulacho ki nguoni mwako. Wale wageni hawakutufunga, ametufunga huyu."

Wifi akaendelea kusugua sufuria. Angejibu, ningefurahi.

Kocha akafika kabla vitunguu havijaiva. Mwanamume mnyamavu, mwalimu wa hesabu kwa kazi yake, hakutaka hata kukaa. Akasimama katikati ya ukumbi, sote tukatoka jikoni.

"Uongozi unataka nikutoe kwenye timu," akamwambia wifi. "Si unahodha tu. Timu. Nimekuja unipe sababu ya kuwapelekea. Kwa nini ulirusha mpira?"

Wifi akainua macho. Hakumtazama kocha, alinitazama mimi. Kisu cha vitunguu bado ninacho. Haya sema, nikawaza, sema tumalizane. Maneno ya kujibu nilikuwa nayo tayari: kwani nilikuwa peke yangu? Jukwaa zima lilihesabu.

"Nilikosea, kocha," akasema. "Nilikuwa nahesabu kichwani, nikapotea."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Kocha akashusha pumzi. "Uchovu. Hilo naweza kuwaeleza. Utakaa benchi mechi mbili, kisha urudi. Nitawatuliza." Akamuaga Mama kwa heshima, akatoka.

Nikamfuata wifi jikoni.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini?"

"Unajua cha kusema. Au unataka nikupigie magoti?"

"Wifi, sitaki kitu chako. Sikukusitiri wewe. Niache nioshe vyombo."

Ebo! Nani alimwomba? Anakuja kunifanyia utakatifu ndani ya nyumba ya mama yangu! Nikajiona naishi miaka mingine ishirini na mwanamke huyu, kila nikifungua mdomo ananitazama vile, nami nameza. Hapana. Sikutoka kwa wema, niseme ukweli. Nilitoka kwa sababu nisingeweza kula sahani moja na mtu aliyenifadhili. Nikatupa kanga begani, nikamkimbilia kocha, nikamkuta kwenye kona anasubiri kuvuka barabara.

"Kocha, hakupotea. Ni mimi. Nilianza hesabu ya mbio, mpira ukawa wetu, nikasahau kurudisha. Alisikia sauti yangu akaiamini. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumu mimi."

Nilidhani atanifokea. Nilitaka anifokee, nami nimfokee, tuachane tumelingana. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeleta jibu lisilo sahihi.

"Alisikiliza jukwaa?"

"Alinisikiliza mimi."

"Niliinua vidole vitano," akasema, akaniinulia mkono wake pale barabarani. "Nilisimama hivi. Msimu mzima nimewaambia: dakika ya mwisho mnanitazama mimi, si jukwaa. Anayesikiliza jukwaa hachezi kwangu. Nilimwambia yeye zaidi ya wote, kwa sababu najua ana wifi mwenye mdomo." Akashusha mkono. "Uchovu ningemsamehe. Mwambie asije mazoezini."

"Kocha, nimekuja kumsaidia!"

"Najua."

Akavuka barabara. Nikamwita mara tatu, kwa sauti ile ile ya uwanjani, watu wakageuka madukani. Yeye hakugeuka.

Nilirudi nyumbani polepole. Wifi yuko mlangoni pa chumba chake, bado mikono ina povu. Alijua kabla sijafika.

"Umemwambia nini?"

Nikamwambia. Niliyoyasema, na aliyoyasema kocha, hadi neno la mwisho. Nilitegemea anipige. Mimi ningepiga.

"Mechi mbili, wifi," akasema. "Zilikuwa mechi mbili tu. Ndiyo maana nilidanganya."

"Sikujua."

"Hukuuliza. Wewe huulizi, wewe unasema." Sauti ikamkatika. "Miaka tisa nacheza. Nina miaka thelathini na mbili. Unadhani nani mwingine atanichukua?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kaka akagonga, hakufunguliwa. Tukamsikia analia, si kwa nguvu, kama mtu aliyefunika uso na mto.

Mama akatoka uani na kiti chake cha plastiki. "Kuna nini tena?"

Nikajaribu kuanza na kocha, nikajaribu kuanza na uongozi, maneno yakagoma. "Nimemharibia, Mama," nikasema. "Ni mimi. Jana ni mimi, na leo ni mimi."

Mama hakunitukana, hata methali hakunitupia. Alinipita, akakiweka kiti chake kwenye mlango wa mkwewe, akakaa akiwa amenipa mgongo.