Skrini Iliyopepesa Bumula

Baba alistaafu ukarani wa serikali akiwa na chuki moja tu moyoni: wasifu wa marehemu unaosomwa mazishini. Amehudhuria mazishi mengi kule Bungoma kuliko mhubiri yeyote ninayemjua, na kila mara huketi na kijitabu cha mazishi mkononi akisahihisha kwa kalamu nyekundu. Hapa mwaka wa ubatizo umekosewa. Pale marehemu amepewa shule ambayo hakuisoma. Kwingine mtu aliyegombana na kijiji kizima anasemekana alikuwa mpole, na watu wanaitikia amina. Baba akaapa kwamba wake atauandika mwenyewe, angali hai na akili zake timamu.

Tungempuuza, lakini jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaaga, na daktari akasema la kulia nalo halingedumu. Alitaka kumaliza kabla hajalazimika kumtegemea mtu amwandikie, kwa sababu mtu huyo, alisema, angeandika ujinga. Mimi ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo. Naishi Kibomet, mjini Kitale, kazi yangu ni kuunda programu. Nikampelekea laptopu yangu ya zamani, na kwa kiburi cha watu wa kazi yangu nikakataa kumwekea programu ya kuandikia inayotumiwa na kila mtu. Nikamwundia yake, yenye herufi kubwa za kuonekana kutoka mlangoni na bila vitufe vya kumchanganya. Nilijipongeza sana.

Majuma matatu baadaye nikapiga simu kuuliza amefika wapi.

"Nimezaliwa," akasema.

Nikaomba kuongea na mama. "Anaandika kidogo, anainua mikono," mama akaniambia. "Ati anangojea mashine imarize."

"Imalize nini?"

"Si ni wewe uliitengeneza? Utajua wewe."

Jumamosi nikaenda nyumbani Bumula, kule Bungoma. Nilimkuta baba mezani, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, mgongo umenyooka kama siku ya ukaguzi. Aliandika maneno mawili. Skrini ikapepesa. Akainua mikono, akaiweka magotini, akasubiri. Akaandika neno jingine, skrini ikapepesa tena, mikono ikarudi magotini.

"Baba, mbona unasimama?"

"Inasoma."

"Nani anasoma?"

"Si hii mashine? Kila nikiandika kidogo inapepesa, inasoma. Mimi nimefanya kazi kwa ofisi ya serikali miaka mingi. Mkubwa akisoma barua yako, wewe huwezi kuwa bado unaandika. Unatoa mikono kwa meza."

Baba alitumikia wakubwa walioweza kusoma barua moja tangu asubuhi hadi chai ya saa nne, kwa hiyo mashine yangu aliiona ina haraka ya ajabu. Hakuwa amelalamika hata siku moja.

Nilitaka kucheka, ila wa kuchekwa nilikuwa mimi. Programu yenye adabu huchora skrini upya pale tu kitu kinapobadilika: umeandika herufi, inachora herufi. Yangu ilikuwa ikifuta ukurasa mzima na kuuchora tena bila kuombwa na mtu. Nikaiamuru iandike kwenye faili kila inapochora, na sababu yake. Kisha nikamwomba baba asiguse kitu kwa dakika moja, jambo aliloliweza vizuri sana. Katika dakika hiyo ambayo hakuna aliyeandika hata nukta, ukurasa ulichorwa zaidi ya mara mia.

Wenye kosa walikuwa taima, yaani vikengele vinavyokaa nyuma ya programu na kuamka kila baada ya muda fulani. Nilikuwa nimeviweka mwenyewe. Kimoja kiliamka kila sekunde kusogeza saa kwenye kona ya skrini, ilhali saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha baba. Kingine kilichungulia betri. Cha tatu kilileta hali ya hewa ya Kitale kwa mzee aliyeketi Bumula na kuliona wingu lake kupitia mlangoni. Kila kimoja kiliamka, kikakuta hakuna kilichobadilika, na bado kikaagiza ukurasa wote uchorwe upya ili kionekane kiko kazini. Tabia hiyo nimeiona katika ofisi nyingi, lakini hawa niliwaajiri mimi.

Nikafuta saa. Betri nikaiambia inyamaze hadi iwe karibu kuisha. Mvua ya Kitale nikairudisha Kitale. Skrini ikaendelea kupepesa.

Ilibaki taima moja ambayo nilikuwa nikiizunguka tangu asubuhi. Kila nusu sekunde ilitazama kama baba amegusa kibodi, na ikimwona, iliwasha kidoa cha kijani kwenye simu yangu. Niliiweka bila kumwambia. Nikinywa chai Kibomet nakiona kidoa, najua mzee yupo na anapumua, moyo unatulia, na Jumamosi napata shughuli nyingine. Kutoka Kitale hadi Bumula si safari ya kumshinda mtu. Hata hivyo nilikuwa sijafika tangu nilete laptopu, na kabla ya hapo tangu Krismasi. Kanisani niliwaambia watu kwamba namwangalia baba yangu kila siku. Sikuwa nimedanganya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaona afadhali niseme. "Hii ya mwisho ilikuwa inaangalia kama uko."

"Kama niko wapi?"

"Kama uko tu, baba."

Akafikiri. "Sasa ikiona siko, wewe ungefanya nini?"

"Ningekuja."

Akaitikia kwa kichwa, kama karani aliyepokea barua isiyo na kiambatisho. Nikaifuta taima ile. Skrini ikatulia tuli.

Baba akaitazama kwa mashaka, akaandika mstari, akaandika wa pili. Kufikia chakula cha mchana alikuwa amemaliza shule ya msingi. Kabla ya chai ya saa kumi alikuwa ameajiriwa na kuoa. Mama akasema aandike jinsi alivyombembeleza miaka miwili; baba akakataa, akasema hakuna ushahidi. Nilikaa pale nikiona raha, kana kwamba nimemponya jicho.

Halafu akafika kwa watoto.

"Kuna ile mstari ya kila mazishi," akaniambia. "Ati watoto walimtembelea mara kwa mara. Wewe nikuandike aje?"

"Andika hivyo hivyo, baba."

"Hiyo siwezi saa hii. Kwa ofisi hatukuwa tunaandika kitu haijafanyika. Nitakuachia nafasi."

Akaacha nafasi ya mstari mzima. Aibu ilinishika, nikatazama sakafu. Akashuka kwenye jina la dada yangu, aliyeolewa hapo hapo Bumula na ambaye hupita kila Jumapili baada ya kanisa, akamwandikia ule mstari wa kutembelea wote bila kuuliza mtu.