Siku Ardith Alipomsemea Gavana

Miaka kumi na sita mfululizo, kila wanachama wa chama cha wahafidhina walipokusanyika kuchuja wagombea urais katika mji wao mdogo jimboni Iowa, Marekani, aliyesimama kumsemea mgombea wa upande wake alikuwa Ardith Hoekstra. Alikuwa mpishi wa shule, mfupi, mwenye sauti nzito. Kisomo chake hakikuwa kikubwa, lakini akifungua kinywa, hata wakulima waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa.

Mwaka ule mwenyekiti, Dirk Postma, alimpigia simu wiki moja kabla ya mkutano.

"Ardith, safari hii tumempa Twila amsemee Gavana Lockridge. Tunataka sura mpya."

"Sura mpya?" Ardith akacheka cheko kavu. "Hiyo sura naijua siku nyingi, Dirk. Nilikuwa naiandalia kahawa jikoni kwangu, kumbe yenyewe inamtazama mume wangu."

Postma akakohoa, akasema mambo ya theluji, akaaga.

Twila ndiye aliyemchukua Verlyn, mumewe Ardith. Baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, Verlyn alitoka na sanduku moja la nguo na moja la vifaa vya useremala, akahamia mtaa wa tatu kutoka pale. Mji wenyewe kama kiganja. Pa kujificha hapana. Jumapili Ardith alikaa kanisani akiwaona migongo, wawili hao, bega kwa bega. Alijua koti jipya la Twila lilinunuliwa lini. Alijua walikwenda kuona bahari, yeye ambaye Verlyn hakuwahi kumpeleka hata mji wa jirani kula chakula cha jioni. Na binti yao Janelle, mwenye miaka ishirini na saba na akili ya mtoto, aliyeshinda kwa baba yake kila Jumamosi, alirudi akiimba sifa: "Mama, Twila anajua kusuka nywele! Mama, Twila hakasiriki!" Hapo ndipo wivu ulipomkata maini kweli kweli.

Jioni ya mkutano, ukumbi wa michezo wa shule ulijaa watu na makoti yenye theluji. Ardith alikaa nyuma na Janelle. Twila akapanda jukwaani, mwembamba, nywele zimepangwa vizuri, karatasi mkononi.

"Gavana Lockridge," akasoma, "ni mtu wa familia, mwenye moyo safi..."

Kicheko kikapasuka upande wa kulia. Kila mtu alijua Gavana alikwisha kuacha wake wawili, na kwamba yule wa pili alisoma habari za hawara gazetini. Mzee Gerrit Vos, mwalimu mstaafu aliyemuunga mkono mpinzani wa Lockridge chamani, akasimama.

"Twila, binti yangu, familia ipi hiyo? Ya kwanza au ya pili? Miaka yote mnatuhubiria ndoa na maadili. Leo mnatuletea mzinzi, na mwenye matusi juu! Mtawatazamaje watoto wenu?"

Twila akaipindua karatasi, akitafuta jibu ambalo halikuandikwa humo. Shingo ikamwiva nyekundu hadi masikioni, maana katika ukumbi ule, yeye kuulizwa habari za uzinzi lilikuwa jambo zito. Watu wakatazama chini.

Ardith aliona raha. Tuseme ukweli, aliiona, tamu kama asali, na hakuikimbiza. Zama, bibi, akasema moyoni. Zama mpaka ushike tope.

Lakini Postma alikwisha kuanza kumtaja mgombea wa pili, na Ardith akaona kura zinapeperuka. Akasimama pale pale alipokuwa.

"Mwalimu Vos, nijibu mimi?"

"Jibu, Ardith. Wewe hujawahi kunidanganya."

"Si mtu mwenye moyo safi. Ni mwanamume wa hovyo. Nawajua wa namna hiyo, niliolewa na mmoja."

Ukumbi ukaangua kicheko. Verlyn, safu ya tatu, akainamisha kichwa.

"Nilipokuwa na mimba ya huyu," akamgusa Janelle begani, "daktari alituambia mtoto ana kasoro, atachelewa kusema, atachelewa kila kitu, afadhali tuitoe. Mimi niliogopa. Niseme leo: nilitaka kukubali. Verlyn akasimama, akavaa kofia, akamwambia daktari, 'Huyo ni wetu, kwaheri.' Akanishika mkono tukatoka. Mume aliyekuja kunivunjia ndoa ndiye aliyemwokoa mwanangu. Sasa Lockridge ameahidi majaji watakaowalinda watoto kama Janelle wangali tumboni. Alipogombea ugavana aliahidi hivyo hivyo, akatimiza. Yule mpinzani wenu msafi ana mke mmoja, na hilo suala amelikwepa miaka yote. Mimi sitafuti mume, Mwalimu. Hapo nilishakosea. Natafuta mtu atakayesimama siku mimi nikiogopa."

Mzee Vos akakaa polepole. "Sikubaliani nawe," akasema, "lakini nimekusikia."

Lockridge akapata kura sabini na nne, mpinzani hamsini na mbili. Watu wakamzunguka Twila wakimpongeza, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye ratiba, na mwandishi wa gazeti la wilaya akampiga picha. Ardith akabaki anakunja viti.

Twila akamfuata. Macho yalikuwa mekundu.

"Hajawahi kuniambia habari ya daktari," akasema. "Miaka yote hii."

Ardith alitafuta neno la upole, asilipate. "Basi kuna vyake ulivyoniachia," akasema.

Kwa mara ya kwanza aliona wivu katika uso usio wake, akaufurahia. Alipofika mlangoni furaha ilikuwa imekwisha, ikabaki aibu kidogo.

Nje barafu ilikuwa imeganda. Verlyn alipita, akasimama mbele ya Ardith, akagusa kofia. "Umesema vizuri," akanong'ona. Kisha akamshika Twila chini ya kiwiko, taratibu, akamvusha mpaka kwenye gari. Ardith aliwatazama mpaka mlango ulipofungwa, roho ikimuuma vile vile kama jana.

"Mama, baridi," akasema Janelle.

"Nishike mimi basi, mpenzi. Usiteleze."