Nilivyodanganya kwenye treni nikienda kumzika baba Urambo

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi hata punje.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kisumu. Baba alituacha nikiwa darasa la sita, akaja Urambo kulima tumbaku, akaoa huko huko. Miaka kumi na tisa kimya. Nikiwa Dar kikazi, simu ikaita: amefariki, anazikwa keshokutwa.

Nikawahi treni ya Kigoma, inayopita Urambo, second class ya kulala.

Chumbani nikamkuta mzee mmoja, fundi cherehani wa Ng'ambo, Tabora. Nikamwambia, "Habari yako." Akatabasamu tu. (Kwetu shikamoo hatujaizoea, msinicheke.)

Usiku akanigawia chapati, akaniuliza safari ya wapi. Sikutaka maswali ya baba. Nikajibu, "Mwanza, biashara."

Kesho yake jioni tukaingia Tabora. Kwa wasiojua, hapo treni hukatwa, mabehewa mengine Kigoma, mengine Mwanza. Mzee akanyakua begi langu.

"Ya Mwanza ni ile kule, mwanangu. Twende nikusindikize."

Wakuu, aibu mbaya. Nikamfuata! Nikakaa behewa la Mwanza nikingoja aondoke nirudi kwangu. Haondoki. Mtu wa Tabora akikusindikiza, anasimama mpaka treni ipotee. Kila nikichungulia, ananipungia mkono.

Honi ikalia. Nikaona nampoteza baba mara ya pili.

Nikaropoka dirishani, "Mzee, nilikudanganya. Naenda Urambo, kumzika baba."

Hakunigombeza. "Pole sana, mwanangu. Shuka upesi!"

Tukakimbia hadi behewa langu, yeye kaikunja kanzu mkononi. Nilipopanda akauliza, "Marehemu anaitwa nani, nimwombee?"

Jina hilo sikuwa nimelitamka tangu darasa la sita.

"Zakaria," nikasema. "Baba yangu anaitwa Zakaria." Nikalia mbele ya abiria wote.

Treni ikaanza kusogea. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamzike baba yako."

Nilimzika. Nilitupa udongo kwa mkono wangu, na hasira nyingi zikabaki pale.

Funzo langu: ukiwa na msiba, sema. Nilificha wangu, nusura unipite. Kama nawe uliwahi kuficha, tuambie hapa.

Halafu kuna hili linaniuma. Mzee aliuliza jina la baba, mimi lake sikuuliza. Mlioko Ng'ambo, kama mnamfahamu, mwambieni nilifika.