Barua Zinaingia Kabiro, Hazitoki

Osewe hafichi: mjinga wa Jumanne hiyo alikuwa yeye.

Saa tatu asubuhi, ndani ya saiba yake, kibanda cha intaneti cha mabati kule Kabiro, Kawangware, anabonyeza kitufe cha kutuma na kumwambia Jael Aoko aende zake kwa amani.

"Nikishabonyeza imeenda, Mama Billy. Hii kompyuta haina uvivu kama mwenyewe."

Jael ametoka Mashimoni, Kibera, na zabuni ya kikundi chake cha akina mama wapishi. Wanataka kulisha watoto wa shule moja ya Riruta Satellite chakula cha mchana. Mwisho wa kupokea maombi ni saa sita. Wakikosa, ni kurudi kukaanga chapati kando ya barabara, mvua inyeshe isinyeshe.

Osewe hutumia programu ya barua pepe iliyowekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Mtandao ukipotea, barua husubiri kwenye kisanduku cha zinazotoka, kisha hujiendea. Wateja wamemzoea hivyo.

Saa tano Jael amerudi, jasho linamtiririka. "Shule wanasema hawajaona kitu!"

Osewe anachungulia kisanduku. Barua imelala palepale. Lakini mpya zinaingia, matangazo kwa fujo. Basi mtandao uko, anajiambia. Kosa ni la mteja.

"Picha zako ni nzito! Nani aliomba kuona sufuria?"

"Si ni wewe ulisema niweke?" Jael anafoka.

Picha zinatolewa. Barua haiendi. Nywila inaandikwa upya, tena na tena. Haiendi. Mwishowe anajitumia barua yenye neno moja tu la salamu: "Niaje." Nayo inakwama.

"Hapo nikajiona fala kabisa," anasema. "Niaje ina uzito gani?"

Anaunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake. Barua zote zinachomoka papo hapo. Lakini saa sita imepita, na shule imefunga maombi.

Sasa hasira inapata mwenyewe. Barua zinazotoka hupita mlango wake wa mtandao, wenye namba yake, tofauti na wa zinazoingia. Thuo, mwenye ploti anayopanga Osewe, alibadilisha kampuni ya intaneti Jumapili bila kumwambia mtu, na kampuni mpya imeufunga mlango wa zamani wa kutuma barua.

"Angeniambia, ningebadilisha namba ya mlango kabla chai haijapoa! Na waya wangu siruhusiwi kuleta. Ukipanga kwake, intaneti ni yake, kama maji."

Amekata shauri. Kila asubuhi atajitumia barua kabla ya kumfungulia mteja. Na anataka waya wake mwenyewe. Thuo akikataa, saiba inahamia Satellite. Jael naye anaapa kupeleka zabuni ijayo kwa miguu yake.

Kelele zinamleta Thuo mlangoni, funguo zikining'inia kidoleni.

"Mnanipigia makelele ya nini kwa ploti yangu?"

"Umemnyima huyu mama kazi, mzee!" Osewe anasimama. "Unabadilisha intaneti kimyakimya, barua zinakwama!"

"Zinakwama wapi? Nimeona na macho yangu zikiingia. Kitu kinapokea, mnasema kimeharibika?"

Jael anamtangulia Osewe kujibu.

"Hata choo cha ploti yako kinapokea, mzee. Hatujawahi kukiita posta."